Je, Siku Nyingi za Tafakuri Huleta Faida Nyingi?

Mtu atakaye kujitenga na shughuli zake ili aichunguze nafsi yake kwa utulivu, aghalabu huuliza kwanza: zatosha siku ngapi? Kozi za Vipassana, ambazo S. N. Goenka alianza kuzifundisha India mwaka 1969, huchukua siku 10. Mradi wa Shamatha, ulioendeshwa Marekani mwaka 2007, ulichukua miezi 3. Wengi hudhani kwamba tafakuri ni kama dawa, kwamba dozi ikizidi nafuu nayo huzidi. Dhana hiyo yafaa ipimwe kabla ya kuaminiwa.

Katika mradi wa Shamatha watu 60 waligawanywa kwa kura. Nusu yao waliingia katika tafakuri, na nusu wakangoja zamu yao. Waliotafakari walizidi kutambua tofauti ndogo za vitu walivyovitazama, na kuwa makini kwa muda mrefu. Matokeo hayo ni ya maana. Hata hivyo, wote walikuwa wazoefu wa tafakuri, tena wenye nafasi ya kuacha kazi zao kwa miezi 3. Hawafai kulinganishwa na mwanagenzi wa siku 6, kisha ikasemwa kwamba kilichowatofautisha ni siku tu. Ni sawa na mkulima atiaye mbolea nyingi katika shamba lenye rutuba, na kidogo katika shamba lililochoka, kisha akaisifu mbolea.

Utafiti mwingine, uliotangazwa mwaka 2016, uliwakusanya wanawake katika hoteli moja ya California kwa siku 6. Baadhi walifundishwa tafakuri; wengine walipumzika tu. Siku hizo zilipokwisha, wote walijisikia nafuu. Lakini miezi 10 baadaye, nafuu ilidumu zaidi kwa wanagenzi waliofundishwa tafakuri. Kumbe mapumziko nayo huponya, na faida ya tafakuri yenyewe yapaswa kutafutwa baada ya watu kurejea makwao.

Hapana budi, basi, watu wenye hali moja wagawanywe kwa kura, wengine siku 3, wengine 10, wengine 30, chini ya mwalimu mmoja, kisha wapimwe baada ya mwaka. Madhara nayo yahesabiwe, kwani wapo wapatwao na hofu au kukosa usingizi. Mwanafunzi akiahidiwa kwamba siku nyingi huleta faida nyingi, na aulize: zimelinganishwa na nini, na kwa watu gani?