Jino halisikii hamasa

KIJEMBE CHA JUMA
Na Mzee wa Rongo

Juma hili nimeuona upuuzi ukiwa umevaa suti. Ulikuwa na suti ya bluu na kipaza sauti, umesimama katika ukumbi wa hoteli moja mjini Homa Bay, ukiwaeleza vijana wenye kliniki za meno kwamba siri ya biashara yao ni mtazamo.

Nilifikaje huko? Shemeji yangu wa Awendo ana binti mwenye kliniki Migori. Binti alilipa kiingilio cha watu wawili, mwenzake akakosa kufika, nikaitwa nijaze kiti. Kulikuwa na chai na mandazi.

Mhamasishaji, ambaye kwa kukiri kwake hajawahi kung'oa hata jino la mbuzi, alianza kwa kutusimamisha. "Sema: mimi ni bilionea!" Tukasema. Joto la ziwa lilikuwa limetukaba shingo, lakini tukasema. Kisha akaanza kuamuru: usiuze kung'oa, uza tabasamu. Usitaje bei, taja thamani. Mgonjwa akiuliza bei mapema, huyo si mteja wako, mwache aende zake. Vijana wa watu wakaandika.

Binti wa shemeji alikuwa ameweka kalamu chini. Akainua mkono. "Mwalimu, stima ikipotea mgonjwa yuko kitini na jino nimeshalitoboa nusu, nifanyeje?"

Mhamasishaji akafumba macho, akaweka kiganja kifuani. "Dada, mwanga uko ndani yako."

Ukumbi ukapiga makofi. Makofi!

Jamani. Mashine ya kutobolea jino huzungushwa na hewa ya kompresa, na kompresa hula stima. Vyombo vya kazi huuliwa viini kwa mvuke, kwa mfano nyuzi 134 kwa dakika tatu, na mwanga wa moyoni haufiki nyuzi hizo hata kwa mlokole wa Oyugis. Jibu la swali lile lilikuwa jenereta. Neno moja tu, na halihitaji kufumba macho.

Huku kwetu mtu haendi kwa daktari wa meno kutafuta tabasamu. Huenda wakati shavu limefura na usingizi umemkataa, akiwa amekwisha kujaribu karafuu, maji ya chumvi na vidonge vya dukani. Amepanda bodaboda kutoka Nyatike au Ndhiwa, pesa amezifunga kwenye pindo la leso. Lazima aulize bei kwanza, kwa sababu tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hana hakika ni nini atakacholipiwa na ni nini kitakachotoka kwenye pindo lile. Huyo ndiye tumwache aende zake? Basi tubaki na nani, mbuta wa ziwani?

Na mhamasishaji asituletee ujuzi wa meno kana kwamba umeshuka jana na basi la Nairobi. Waluo waliwang'oa watoto wao meno sita ya mbele ya chini, desturi ya nak, kabla kliniki hazijajulikana pande hizi. Babu yangu alikuwa na pengo hilo, na alitema mate kupitia hapo kwa shabaha iliyowaogopesha majogoo. Fundi wake hakuwa na ganzi wala nembo. Alitafutwa kwa wepesi wa mkono wake, basi.

Binti wa shemeji hupata wagonjwa hadi kutoka Isebania. Bei za kung'oa, kuziba na kusafisha amezibandika ukutani, karibu na leseni yake ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Siku ya soko hafungi mapema. Dada wa mapokezi hujibu kwa Kiswahili, Dholuo na Kikuria, na hafokei mtu. Kisha kesho yake asubuhi binti mwenyewe humpigia simu aliyeng'olewa jana: damu imekata? Uliing'ata pamba vizuri? Simu hiyo ya dakika moja inaleta shangazi, jirani na mwalimu mkuu.

Mwishoni tulitangaziwa awamu ya pili: shilingi 45,000, pamoja na cheti. Foleni ikafika mlangoni. Pesa hizo zinanunua jenereta ndogo.

Mhamasishaji akatuaga kwa kisa cha tajiri mmoja wa Marekani. Angeuliza, tungempa cha hapa hapa. Kule Nyandiwa, Gwassi, husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara aliyemnasa bibi kizee katika mtego wake wa samaki. Akampeleka nyumbani, na boma likajaa mifugo. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamsimanga kwamba alimwokota ziwani. Bibi akashika njia ya majini, na ng'ombe wote wakamfuata. Kujiamini, Nyamgondho alikuwa nako tele.