New Orleans imejenga ukuta, ufa bado haujazibwa

KILA mwaka Agosti inapoelekea ukingoni, wafanyabiashara wa nafaka mjini Chicago huweka jicho moja kwenye bei na jingine kwenye Ghuba ya Mexico. Sababu yao inaeleweka. Mahindi na soya ambayo Marekani huuza nchi za nje hupita kwenye mto Mississippi, karibu na mji wa New Orleans, kuliko njia nyingine yoyote ya nchi hiyo. Kimbunga Ida kilipopiga pwani ya Louisiana tarehe 29 Agosti 2021, maghala ya kupakilia meli yaliharibika, umeme ukakatika na matishali yaliyosheheni nafaka yakakwama mtoni. Siku chache zilizofuata bei za mahindi na soya huko Chicago zilishuka, kwa vile mzigo ulikosa mlango wa kutokea.

Mnunuzi wa mikataba ya nafaka anaweza kufunga hesabu zake wiki ile ile na kwenda nyumbani. Mwenye duka, nyumba ya kupangisha au hati fungani za New Orleans hawezi. Hesabu yake huchukua miaka, na ndani yake kuna kifungu ambacho wengi hukiruka. Kifungu hicho ni maji ya mvua, na nani anayelipia kuyatoa mjini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. New Orleans imeujenga ukuta huo kwa gharama kubwa mno. Hata hivyo, ufa wenyewe bado uko wazi, na makampuni ya bima yameuona.

Fedha za ukuta

Mji huo umekaa kama bakuli. Upande mmoja ni mto Mississippi, upande wa pili ni ziwa Pontchartrain, na karibu nusu ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Kimbunga Katrina kilipofika tarehe 29 Agosti 2005, kuta za mifereji na matuta vilipasuka katika sehemu zaidi ya 50, na asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Ilichukua takriban wiki sita kuyatoa. Hasara yote ya kimbunga hicho ilikadiriwa kufikia dola bilioni 125. Mawakala wa kupima ubora wa mikopo waliziteremsha hati fungani za mji huo chini ya kiwango cha uwekezaji salama.

Baada ya hapo serikali kuu ya Marekani ilifungua mkoba. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilitumia kiasi cha dola bilioni 14.5 kujenga mfumo mpya wa matuta, kuta, milango ya chuma na pampu kubwa. Upande wa ziwa Borgne peke yake kuna ukuta wenye urefu wa karibu kilomita 3 wa kuzuia maji ya bahari yanayosukumwa na kimbunga.

Hapana ubishi kwamba kazi hiyo ilizaa matunda. Ida kilifika miaka 16 kamili baada ya Katrina, kikiwa na upepo wa kasi ya kilomita 240 kwa saa, na matuta ya New Orleans yalishika. Mji mdogo wa LaPlace, ulio nje ya mfumo huo, ulifurika. Kwa mwekezaji huo ni ushahidi wa wazi kwamba dola zilizowekwa kwenye ukuta hazikupotea.

Lakini je, ukuta ndio mwisho wa hesabu? Hapana. Matuta yenyewe huzama kidogo kidogo kwa sababu yamejengwa juu ya udongo laini. Mwaka 2019 wahandisi hao hao walitangaza kwamba bila kuinuliwa yangeweza kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa mapema kama 2023. Aidha, ukuta unaozuia bahari isiingie ndio huo huo unaofungia maji ya mvua ndani. Bakuli halina tundu, na kila tone linaloanguka lazima lisukumwe nje kwa mashine.

Pampu za karne iliyopita

Kazi hiyo si ya serikali kuu. Ni ya Bodi ya Majitaka na Maji ya New Orleans, iliyoundwa mwaka 1899. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi wake, A. Baldwin Wood, alibuni pampu kubwa za parafujo ambazo zilikuwa fahari ya dunia, na baadhi ya zana za enzi hiyo bado zinatumika. Sehemu ya pampu hizo hutumia umeme wa mizunguko 25 kwa sekunde, wakati gridi ya Marekani leo ni mizunguko 60. Kwa sababu hiyo, bodi imelazimika kwa miaka mingi kuzalisha umeme wake kwa mitambo iliyokwisha zeeka, ambayo vipuri vyake haviuzwi dukani.

Mfumo ukiwa mzima unaweza kutoa milimita 25 za mvua katika saa ya kwanza na takriban milimita 13 kila saa inayofuata. Tarehe 5 Agosti 2017 sehemu za mji zilipata zaidi ya milimita 200 kwa saa chache. Hapakuwa na kimbunga. Ilikuwa mvua ya Jumamosi mchana. Viongozi walisema kwanza kwamba pampu zote zilikuwa kazini. Baadaye ikabainika kwamba zaidi ya kumi hazikuwa zikifanya kazi na mitambo ya umeme ilikuwa pungufu. Siku nne baadaye moto ukaharibu mtambo mwingine. Maduka, mikahawa na magari yalikuwa yameshalowa.

Mitaro nayo ilikuwa na siri yake. Katika kazi ya dharura ya kuizibua, mji ulitoa kiasi cha tani 42 za shanga za plastiki katika kipande kifupi cha barabara ya St. Charles. Ni shanga zinazorushwa kwa watazamaji wakati wa sherehe za Mardi Gras. Mfanyabiashara yeyote wa pwani ya Afrika Mashariki ambaye ameona mtaro ulioziba kwa chupa na mifuko hatahitaji maelezo zaidi.

Tofauti ya fedha hapa ni kubwa na inafaa kutazamwa vizuri. Ukuta ulipata mabilioni kwa mkupuo, baada ya msiba, kutoka kwa walipa kodi wa nchi nzima. Pampu na mitaro hutegemea kodi ya majengo ya mji huo, mwaka hadi mwaka. Mali nyingi za makanisa, vyuo, hospitali na serikali hazitozwi kodi hiyo, ingawa maji ya mapaa yake huingia katika mtaro ule ule. Zaidi ya hayo, wanaolipa wamepungua. Mwaka 2000 mji ulikuwa na wakazi 484,674. Mwaka 2020 walikuwa 383,997. Mitaro haikupungua nao.

Bima ndiyo bei

Soko lina namna yake ya kutoa hukumu, nayo ni ada ya bima. Baada ya vimbunga vya 2020 na 2021, makampuni madogo ya bima kadhaa huko Louisiana yalifilisika na mengine yakafunga virago. Wenye nyumba wengi walikimbilia kampuni ya bima ya jimbo, iliyowekwa kuwa kimbilio la mwisho, na mwaka 2023 ada zake zikapanda kwa wastani wa asilimia 63. Mwaka huo huo jimbo lilitenga dola milioni 45 kuyavutia makampuni binafsi yarudi. Ndiyo kusema mlipa kodi aligharimia soko ambalo tayari lilikuwa linamtoza ada kubwa.

Bima hiyo ni ya upepo. Mafuriko yana bima ya peke yake chini ya mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968. Kwa jengo la biashara mpango huo hulipa mwisho dola 500,000, na kwa mali iliyomo dola 500,000 nyingine. Haulipi mauzo yaliyopotea wakati duka limefungwa. Kwa kawaida mkataba mpya husubiri siku 30 kabla ya kuanza, hivyo anayekimbilia wakala baada ya kusikia kimbunga redioni amekwisha chelewa.

Upande wa upepo, mikataba mingi humtaka mwenye mali abebe kwanza asilimia fulani ya thamani ya jengo kila kimbunga kinapopiga. Tuseme jengo lina thamani ya dola 400,000 na kiwango ni asilimia 5. Dola 20,000 za kwanza zitatoka mfukoni mwake kabla kampuni haijalipa hata senti. Mwenye duka dogo anayetunza akiba ya miezi miwili tu hana fedha hizo.

Kuna mtego mwingine ambao wenye mitaji midogo waliuingia kwa nia njema. Baada ya ukuta kukamilika, ramani mpya za mafuriko zilizoanza kutumika mwaka 2016 ziliondoa sehemu kubwa ya mji katika eneo la hatari. Wenye mikopo ya nyumba katika maeneo hayo hawakulazimishwa tena na sheria kukata bima ya mafuriko. Mwaka uliofuata ndipo mvua ya Agosti iliponyesha. Ramani ilikuwa imepima ukuta. Maji yalipimwa na pampu.

Kufufuka kwa mizani isiyo sawa

Fedha za kufufua mji baada ya Katrina nazo zina somo. Mpango mkubwa wa jimbo uliojulikana kama Road Home ulitoa takriban dola bilioni 9 kwa familia zaidi ya laki moja, na ukomo ulikuwa dola 150,000 kwa kila nyumba. Msaada ulipigiwa hesabu ya thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kuijenga upya, ile iliyo ndogo. Mfuko wa saruji una bei ile ile mtaa wa kitajiri na mtaa wa kimaskini, lakini nyumba ya mtaa wa kimaskini ilikuwa na thamani ndogo sokoni. Mwenye nyumba hiyo akapata fedha zisizotosha kuezeka. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2011 shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano.

Athari yake kwa biashara ni rahisi kuielewa. Mtaa ambao nusu ya nyumba zake hazikujengwa upya hauna wateja wa kutosha kumweka muuza mboga, kinyozi wala fundi viatu. Aliyefungua duka huko kwa kutegemea kwamba majirani wangerudi alilipia kosa la mizani iliyopangwa ofisini.

Nani alipe?

Wataalamu wa New Orleans wenyewe walikwisha andika dawa. Mpango wa maji wa mwaka 2013, ulioandaliwa kwa kushirikiana na Wadachi, ulieleza kwamba kusukuma kila tone nje hukausha udongo na kuufanya mji uzidi kuzama. Ulipendekeza mabwawa, bustani na mifereji ya wazi ya kuhifadhi mvua kwa muda ili pampu zipate nafasi ya kupumua. Mwaka 2016 serikali kuu iliahidi dola milioni 141 kwa kazi kama hizo katika eneo la Gentilly. Masista wa Kikatoliki ambao nyumba yao iliharibiwa na Katrina waliukabidhi mji kiwanja cha ekari 25 kwa ajili hiyo. Fedha zilikuwapo na ardhi ilikuwapo, lakini kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga kwa miaka mingi.

Kinachokosekana ni mapato ya kudumu. Philadelphia ilianza mwaka 2010 kuwatoza wenye viwanja vya biashara ada ya maji ya mvua kulingana na ukubwa wa mapaa na sakafu za saruji zisizopitisha maji. Chuo kikiwa na uwanja mkubwa wa magari kinalipa. Kanisa nalo linalipa. Anayechimba kisima cha kunyonya maji au kupanda bustani hupunguziwa. New Orleans imejadili ada ya namna hiyo mara nyingi bila kufika mwisho.

Wanaoipinga wana hoja. Wakazi wamelalamika kwa miaka kuhusu ankara za maji zisizoeleweka, na ni vigumu kumwomba mteja aliyekosewa hesabu akubali ankara ya pili. Hoja hiyo inadai ada iwekwe katika mfuko wake wa peke yake, wenye hesabu zinazotangazwa kila robo mwaka, pamoja na orodha ya pampu zilizo nzima na zilizo mbovu. Haidai mitaro iendelee kukosa fedha. Mfanyabiashara anayeikataa ada leo hajakwepa gharama. Anailipa kwa wakala wa bima, kwa bei kubwa zaidi, na fedha hiyo haizibui mtaro hata mmoja.

Kimbunga Francine cha Septemba 2024 kilikumbusha jambo hilo. Hakikuwa kikubwa kama Ida, lakini mvua yake ilijaza mitaa ya New Orleans na ya jirani yake Metairie, mahali ambapo ukuta haukuguswa kabisa.

Kwa hiyo anayefikiria kununua nyumba, duka au hati fungani katika mji huo, au mji wowote unaoishi chini ya maji, asitosheke na urefu wa ukuta. Aulize ni pampu ngapi zinafanya kazi leo, umeme wake unatoka wapi, mitaro ilizibuliwa lini, na fedha za matengenezo ya mwakani zimewekwa kifungu gani. Mji ukishindwa kumjibu, ankara ya bima itamjibu.