Bima ya Nyumba: Na Karafuu za Chumbani Je?

Msimu unapokwisha na fedha za karafuu zikaingia mkononi, wengi katika wanachama wenzetu hushughulikia nyumba. Makuti huondoka, mabati yakapanda. Ukuta wa udongo ukaondoka, ukasimama wa matofali. Na tangu umeme ulipofika Pemba kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, majumbani mwetu mna majokofu, televisheni na mapangaboi ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Mali imezidi, na khatari nayo imezidi. Ndiyo maana twasikia wanachama wakiulizana khabari za bima ya nyumba na vilivyomo ndani yake, na aghlabu ya wanaouliza hawajapata kukata bima yoyote isipokuwa ile ya chombo cha moto, ambayo sheria yalazimisha.

Twaona kuulizana huko ni jambo jema. Ila twaona pia kwamba mwenzetu huenda kwa wakala na swali moja tu: "Bei gani?" Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Mwenye kukata bima hanunui kitu cha kukishika mkononi. Anunua ahadi, na ahadi yenyewe ni maneno yaliyoandikwa katika hati. Kwa mkulima wa karafuu, rai yetu ni kwamba swali la kwanza liwe hili: karafuu nilizoziweka chumbani zimo katika hati hii, au hazimo?

Sababu yake ni hii. Bima ya nyumba hulinda jengo: kuta, paa, milango na madirisha. Bima ya vilivyomo hulinda vitu vya matumizi ya nyumbani: vitanda, makabati, nguo, jokofu na mfano wa hivyo. Hizo ni bima mbili, ingawa mara nyingi huuzwa katika hati moja. Na aliyepanga nyumba ya mtu ahitaji hiyo ya pili tu. Karafuu kavu si chombo cha nyumbani. Machoni mwa kampuni ya bima ni bidhaa ya biashara, na hati nyingi za nyumbani hazilipi bidhaa ya biashara. Basi yawezekana mtu akalipa ada yake barabara, nyumba ikaungua, akalipwa paa lake na vitanda vyake, na magunia yake yote asilipwe hata senti. Na ndani ya magunia hayo mna palizi ya mwaka mzima, na ujira wa wachumaji ambao huenda hajamaliza kuulipa.

Tena kuna jambo zito zaidi. Anayekata bima anapaswa kutaja kila linaloongeza khatari: paa la makuti, jiko la kuni lililo karibu na nyumba, petroli inayowekwa uwani, na magunia ya karafuu chumbani. Asipoyataja, kampuni yaweza kuyakataa madai yake yote, hata ya nyumba yenyewe. Kwa hivyo tusimwachie wakala ajaze fomu, nasi tukatia sahihi tu. Na tusiridhike akisema, "Hilo halina neno." Kama kweli halina neno, na aliandike.

Swali la pili ni la thamani. Wako wanaopenda kuandikisha thamani ndogo ili ada nayo iwe ndogo. Rahisi huvunja upishi. Tuseme nyumba yako, ikianguka leo, yataka shilingi milioni 40 kuijenga upya, nawe umeiandikisha kwa milioni 20. Moto ukala upande mmoja, khasara ikawa milioni 10. Utadhani utalipwa zote kumi, kwani hazikufika ishirini. Sivyo. Kwa hati nyingi, kwa kuwa umeandikisha nusu, utalipwa nusu ya khasara, yaani milioni 5. Thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuzia, wala ardhi haihesabiwi, kwani ardhi haiungui. Nasi tukumbuke kwamba saruji na mabati yetu huvuka bahari, na nauli yake ni sehemu ya gharama hiyo.

Na kwa vilivyomo, mali bila daftari hupotea bila khabari. Pita chumba baada ya chumba, uandike kila kitu, siku ulipokinunua na bei yake. Weka risiti, na upige picha kwa simu. Kisha nakala moja mpe ndugu yako wa kijiji kingine aiweke. Daftari lililomo ndani ya nyumba iliyoungua halimfai mtu.

Swali la tatu: ni yepi yasiyolipwa? Mchwa, kutu, unyevu na uchakavu hazilipwi, wala ukungu wa karafuu zilizotiwa guniani kabla hazijakauka. Hayo ni ya mwenye mali kujiangalia. Ulizia tufani na mafuriko, kwani bima ya moto peke yake huenda isiyaguse, nayo yakaongezwa kwa ada yake mbali. Mtu asitwambie kwamba kimbunga si chetu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, ambako si mbali nasi.

Ulizia pia khabari ya nyumba iliyofungwa. Hati nyingi hazilipi wizi ikiwa nyumba imekaa tupu kupita siku zilizotajwa. Wakati wa uchumaji, wangapi kwetu huhamia kambini na watoto na vyungu, nyumba ikabaki na kufuli? Yafaa ijulikane mapema ni siku ngapi zinazoruhusiwa.

Liko na la urithi. Nyumba nyingi mashambani bado ni za warithi, hazijagawiwa, na jina ni la marehemu. Bima hukatwa na mwenye haki katika mali. Kabla ya kulipa ada, warithi na wakae, waandike nani atakata bima na kwa niaba ya nani, wampelekee na sheha akashuhudie. Mzozo wa warithi baada ya moto ni moto wa pili.

Wapo wenye shaka ya dini, nasi hatuidharau. Kwao iko bima ya takaful, ambayo washiriki huchanga katika mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, na mwendeshaji hupata ujira wake kwa kuusimamia. Lakini maswali matatu tuliyoyataja ni yale yale. Mfuko wa takaful nao una hati, na hati ina mipaka.

Mwisho, hakikisha kwamba kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ulipe ada yote na ushike risiti, kwani bima isiyolipiwa haimlindi mtu. Khasara ikitokea, piga ripoti upesi kwa kampuni, kwa polisi na kwa sheha. Wala usifagie majivu kabla mkaguzi hajafika.

Haya kila mmoja aweza kuyafanya peke yake. Lakini hilo la karafuu za chumbani ni letu sote, na mkulima mmoja akienda na magunia yake manne hatasikizwa kama watakavyosikizwa wengi. Ombi letu kwa Halmashauri ni kwamba, kabla ya msimu ujao, iziandikie kampuni za bima kwa niaba ya wanachama, iulize ada yake itakuwa kiasi gani kwa karafuu zilizomo majumbani, kwa miezi ya msimu tu, tangu siku ya kuanikwa mpaka siku zinapopimwa kituoni. Jawabu na zisomwe mbele ya mkutano, zilinganishwe, kisha kila mtu aamue. Na mpaka hapo, mwanachama asitie sahihi hati yoyote kabla hajaonyeshwa mstari unaotaja karafuu zake.