Mathe wa saluni hataki laiki, anataka mteja kwenye kiti

"Kwani wewe ni wale wa laiki?"

Hilo ndilo swali nililokaribishwa nalo nilipoingia saluni moja kule Umoja, simu mkononi na bei zangu kichwani. Mathe mwenye saluni hakuacha hata kusuka. Alinieleza huku vidole vikiendelea na kazi. Kuna kijana alimtembelea kabla yangu, akamfungulia ukurasa wa Facebook, akala Sh8,000 na kumletea laiki mia kadhaa za watu wasiojulikana wanaishi wapi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kusukwa. Baadaye kijana akabadilisha namba ya simu na kutoweka na nywila. Ukurasa ungali hewani hadi leo, na namba iliyoandikwa pale ni ya laini ambayo mathe aliipoteza zamani.

"Sasa wewe kijana wangu, wewe unauza gani?" akaniuliza.

Siku hiyo sikuuza kitu. Lakini swali hilo nimelisikia tena Donholm, Kayole na hata Rongai, na naona ni wakati tuliongelee waziwazi sisi tunaojiita wauzaji wa kidijitali. Kama wewe pia uko kwenye hii hasla, au unapanga kuingia, ujue kwamba huendi kuuza mahali papya. Unaenda kuuza mahali ambapo mtu mwingine ameshaharibu jina.

Tuanze na sababu ya sisi kuwa wengi hivi. Kazi za ofisi hazipatikani, simu tunazo na bando tunajinyima chakula kununua. Serikali nayo imekuwa ikituhimiza tutafute riziki mtandaoni tangu mpango wa Ajira Digital uanze mwaka wa 2016. Kila kozi ya mtandaoni inarudia ushauri ule ule: anza na biashara ndogo za mtaa wako, wasaidie waonekane, watakulipa kila mwezi.

Ukitazama hesabu, ushauri huo unavutia. Utafiti wa Shirika la Takwimu nchini, KNBS, uliotolewa mwaka wa 2016 ulionyesha Kenya ina takriban biashara ndogo na za wastani milioni 7.4, na ni kama milioni 1.56 pekee zilizokuwa na leseni. Ukisoma hapo unaona bahari ya wateja. Kila kinyozi, kila gereji, kila duka la vipuri ni mtu wa kumpigia.

Shida ni kwamba tunasoma nusu ya utafiti. Huo huo ulisema biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano iliyotangulia. Yaani mtu unayemwendea na bei ya kila mwezi ana kodi ya nyumba, stima, kanjo na mkopo wa simu, na huenda mwaka ujao hayupo. Sh6,000 zako kwake zinaweza kuwa tofauti kati ya kufungua mlango na kufunga.

Kwa hivyo fanya naye hesabu kabla hujamuuzia. Tuseme saluni inasuka kwa Sh1,500. Msusi anayelipwa kwa kamisheni anachukua nusu, zinabaki Sh750. Toa maji, mafuta na stima, mwenye saluni abaki na Sh600. Ukimtoza Sh6,000 kwa mwezi, anahitaji wateja wapya 10 ili arudishe pesa yako tu. Bado hajapata faida hata ya soda.

Halafu ukimwambia abusti posti kwa Sh3,000, kuna VAT ya asilimia 16 juu yake, ambayo ni Sh480. Duka dogo ambalo halijasajiliwa kwa VAT halina njia ya kudai pesa hiyo irudi. Jumla sasa ni Sh9,480. Wateja wapya 16, kila mwezi. Jiulize kwa ukweli: unaweza kuwaleta? Kama jibu ni hapana, basi hujamfanyia biashara. Umemwongezea mdomo wa kulisha.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo umpelekee mwenye lori la kuhamisha watu. Tuseme kila safari anabaki na Sh4,000. Safari mbili tu zimelipa Sh6,000 zako na kumwachia Sh2,000. Na wateja wake wako wapi? Mwisho wa mwezi, mtu amepata nyumba Kasarani na anatoka Pipeline, hamjui mwenye lori hata mmoja. Anachukua simu, anatafuta. Huyo ndiye mtu ambaye intaneti inamleta kweli.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunauza huduma moja kwa kila mtu, ilhali wateja hawafiki kwenye biashara zote kwa njia moja.

Kuna biashara zinazotafutwa wakati wa shida: fundi wa mabomba, daktari wa meno, mtu wa kunyunyizia kunguni dawa, gereji, fundi wa friji, mwenye lori. Mtu hamfuati fundi wa mabomba kwenye Instagram kwa kujifurahisha. Anamtafuta siku maji yamefurika jikoni. Biashara hizi zinahitaji kupatikana haraka, na mteja mmoja ana maana kubwa.

Kuna zinazotegemea macho na tamaa: nguo, viatu, keki, nywele, vipodozi. Hapa video nzuri hufanya kazi, na sitasema laiki hazina maana kabisa. Dada anayefungua mzigo wa mitumba Gikomba moja kwa moja TikTok anaweza kuuza rinda kwa mtu wa Kisumu na kulituma kwa basi usiku huo huo. Kwake anayetazama kutoka mbali ni mteja halisi. Lakini saluni ya Umoja haiwezi kutuma kichwa kwa basi. Laiki ya mtu wa Kisumu, au wa nje ya nchi kabisa, haikai kwenye kile kiti.

Na kuna zinazoishi kwa wapita njia. Mwenye kibanda cha chapati karibu na steji anajulikana na kila anayeshuka matatu. Ukimuuzia matangazo ya mtandaoni, unamwibia kwa upole. Mwambie hakuhitaji. Atashangaa, na atakutumia binamu yake mwenye gereji.

Sasa tuje kwa kinachouzwa. Kitu cha kwanza ambacho biashara nyingi za mtaa hukosa hakilipiwi: wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaoonekana kwenye ramani ukiwa na namba ya simu, saa za kufungua na picha. Kuufungua ni bure. WhatsApp Business nayo, iliyozinduliwa mwaka wa 2018, ni bure, na ina sehemu ya kupanga bidhaa pamoja na bei.

Utaniuliza, kama ni bure mimi nalipwa kwa nini? Kwa sababu ile ile inayofanya fundi alipwe ilhali nyundo unaweza kununua mwenyewe. Mathe amesimama tangu asubuhi, hana muda wa kupambana na simu. Wewe utaenda dukani kwake mchana kukiwa na mwanga, upige picha za kazi yake mwenyewe badala ya zile za kuokotwa mtandaoni. Utaweka alama ya ramani mahali sahihi, maana sisi hatuelekezani kwa namba za nyumba. Utaandika "ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, mkabala na steji", na mgeni afike bila kupiga simu mara tatu. Google ikitaka video ya kuthibitisha kwamba duka lipo, mtairekodi pamoja, kuanzia barabarani, bango, hadi ndani. Halafu kila wiki utajibu maoni na kubadilisha picha. Hiyo ni kazi, na inalipwa.

Tena ni kazi inayohesabika. Google humwonyesha mwenye wasifu ni watu wangapi walibonyeza kitufe cha kupiga simu na wangapi waliomba kuelekezwa njia. Ongeza daftari la Sh50 kwenye kaunta na swali moja kwa kila uso mpya: "Umetujulia wapi?" Mwisho wa mwezi mnakaa chini, mnafungua daftari, mnaona kama pesa yako imejilipa. Kama haijajilipa, sema wewe kwanza kabla hajakwambia.

Usije ukanunua maoni ya nyota tano. Google hairuhusu maoni ya uongo na inaweza kuyafuta au kuuwekea wasifu vikwazo. Na wewe utakuwa ushapokea pesa. Atakayeachwa na doa ni mathe.

Lakini jambo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike haya, ni nywila.

Ukifungua akaunti ya biashara ya mtu kwa barua pepe yako, umeshika mlango wa biashara yake. Mkikosana juu ya Sh2,000, unaweza kumfungia nje. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi na kukuita ni kujilinda dhidi ya wateja wasiolipa. Wengine hawana nia mbaya, ila simu ikiibiwa matatu ya Jogoo Road, imepotea na biashara za watu watano.

Na si vijana tu wanaotoweka. Google ilikuwa inatoa tovuti za bure zilizounganishwa na ule wasifu wa ramani. Mwezi Machi 2024 ilizifunga zote. Yeyote aliyekuwa amemuuzia mwenye duka tovuti hiyo ya bure kwa maelfu, bila kumwambia ni ya nani, alimwachia bango lenye anwani isiyofunguka.

Kwa hivyo sheria yangu ni moja. Kila kitu kifunguliwe kwa barua pepe na laini ya mwenye biashara, mbele yake, na aandike nywila kwenye daftari lake mwenyewe. Mimi niongezwe kama meneja, jambo ambalo Google na Facebook zinaruhusu. Siku akinichoka, ananitoa kwa kubonyeza mara moja. Kama anataka tovuti, jina la .co.ke lisajiliwe kwa jina lake. Utaniambia ni rahisi sana kuachwa hivyo. Ni kweli. Ndiyo maana lazima kila mwezi ufanye kazi ya kukufanya usiachwe.

Kuna pia sheria za nchi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na haijalala. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza baa moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao bila idhini yake. Shule moja nayo ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sasa fikiria zile video tunazopiga za mteja aliyemaliza kusukwa, amegeuzwa kiti, anatabasamu. Ulimuuliza? Kutabasamu hakumaanishi amekubali. Muulize, akikubali aandike hata ujumbe mfupi wa WhatsApp. Akikataa, piga nywele kwa nyuma.

Ukianza kupata wateja wakubwa kidogo, kama kliniki au duka la jumla, watataka ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, KRA haikubali gharama isiyo na ankara hiyo wakati mfanyabiashara anapokokotoa kodi yake. Kijana asiye na ankara anaonekana ghali hata kama bei yake ni ya chini. Jisajili mapema.

Najua kuna atakayesema natuharibia soko kwa kufichua kwamba vitu hivi ni bure. Mimi naona soko linaharibiwa na ule ukurasa wa mathe wenye namba ya simu iliyokufa. Kila saluni iliyochomwa inasimulia saluni ya jirani, na habari za namna hiyo zinatembea kwenye chama haraka kuliko posti yoyote utakayobusti. Sisi wenyewe ndio tunaofunga milango tutakayobisha kesho.

Nilirudi kwa yule mathe baada ya wiki mbili. Sikumpa bei. Tulikaa naye Jumatatu, siku ambayo saluni haina watu, tukaripoti ule ukurasa wa zamani, tukafungua wasifu mpya kwenye Google kwa laini yake mwenyewe. Nywila aliiandika nyuma ya daftari la madeni, kwa sababu, alisema, hilo ndilo daftari ambalo hawezi kulipoteza.

Ukurasa wa zamani haujatolewa bado. Lakini mwezi uliofuata alinipigia simu mwenyewe. Kwenye daftari kulikuwa na wateja wapya wanne walioandikwa "ramani". Wanne hawatoshi kulipa Sh6,000, nilimwambia hivyo. Tukakubaliana Sh1,500, na tuongee tena wakifika kumi.