Nyumba ya urithi inapodaiwa kodi: swali la Bwera na Kyondo

Si ajabu kukuta Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, nyumba ya familia yenye vyumba vinavyopangishwa wafanyabiashara. Pango hupokewa na kaka mkubwa, ingawa nyumba aliiacha marehemu baba kwa watoto wote. Kiswahili chetu huita kodi yale anayolipa mpangaji na yale yanayodaiwa na serikali, na pengine ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Tangu Julai 2022, mtu binafsi nchini Uganda hutozwa asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Asipolipa, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 inairuhusu Mamlaka ya Mapato kuifanya ardhi yake kuwa dhamana ya deni. Uzito wote umo katika neno hilo "yake".

Kwa haki, deni la ndugu mmoja halipaswi kuvuka fungu lake. Marehemu asipoacha wosia, Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inawapa watoto asilimia 75 na mjane asilimia 20. Lakini mdai husoma daftari la ardhi, hasomi ukoo. Hati ikibeba jina la kaka peke yake, dada aliyeolewa Kyondo ndiye atakayelazimika kuthibitisha kwamba naye ni mwenye mali. Benki ikitaka kuishika nyumba ya ndoa kwa mkopo, sheria inadai ridhaa ya mke. Deni la kodi halimwombi mtu ridhaa.

Huko Kyondo, kwenye miteremko ya Rwenzori, mashamba mengi ya kahawa yanamilikiwa kimila, na wapo wazee wanaoiogopa karatasi kwa kuwa huleta wadai. Woga huo una msingi, ila haumlindi mjane dhidi ya shemeji anayeuza shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaruhusu cheti cha umiliki wa kimila kutolewa kwa jina la familia nzima. Ushirika wa kahawa wa Bukonzo Joint nao umewahi kuhimiza mume na mke kuandikiana ardhi kwa pamoja.

Ambaye jina lake halimo katika hati anaweza kuweka zuio katika ofisi ya ardhi. Afanye hivyo kabla ya mnada. Nyumba ikishasajiliwa kwa mnunuzi asiyejua lolote, huenda akabaki kumdai ndugu yake fedha.