Kalamu ya Mtandaoni na Lugha ya Mwananchi

Wahenga hawakukosea walipoamba kuwa kuuliza si ujinga. Mwezi Juni mwaka 2024, katika kituo cha bodaboda hapa Ngoingwa, Thika, nilimsikia kijana akiwasomea wenzake kutoka kwenye simu maelezo ya Mswada wa Fedha. Mswada wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza. Alichokisoma ni ufafanuzi wa Kiswahili ulioandikwa na vijana wa rika lake. Mama muuza mboga akauliza, "Kwa hivyo mkate utapanda bei?" Kwa maoni yangu, demokrasia huanzia katika swali kama hilo. Baada ya maandamano yaliyogharimu maisha, Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi mswada huo tarehe 26 Juni.

Nguvu hii haikuzuka jana. Tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, Wakenya wengi waligeukia intaneti. Januari 2008 ikazaliwa tovuti ya Ushahidi, iliyokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi wenyewe.

Ni kweli kwamba mtandao huo huo hueneza uongo na chuki. Hata hivyo, dawa ya uongo ni maandishi yaliyo bora zaidi, wala si pingu. Rose Njeri alikamatwa Mei 2025 kwa kuunda programu ya kuwawezesha wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Mahakama iliyatupa mashtaka hayo Juni. Mwezi uo huo, mwalimu Albert Ojwang, aliyekamatwa kwa sababu ya chapisho la mtandaoni, alifariki akiwa mikononi mwa polisi.

Je, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuko wapi? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ilhali miswada yaendelea kutufikia kwa Kiingereza. Madarasani twahakiki uhuru wa mshairi; ni nani miongoni mwetu aliyewahi kufasiri mswada? Napendekeza kila chama cha Kiswahili chuoni kiteue mswada mmoja kila mwaka, kiufasiri kwa lugha nyepesi na kuusambaza mtandaoni kabla ya muda wa wananchi kutoa maoni kwisha. Yule mama aliuliza swali lake maandamano yakiwa yamekwisha kuanza. Hatuna budi kumwezesha kuliuliza mapema.