Ushauri wa Juma: Baiskeli Moja kwa Lami na kwa Tope

Mtu atokaye Kakamega kwenda Webuye hupita Lubao akiwa bado juu ya lami. Soko la Lubao, lenye sifa ya kuuzwa mbwa siku ya Alhamisi, huvuta watu kutoka mbali. Lakini njia nyingi zitokazo katika barabara kuu kwenda mashambani ni za udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi huwa vumbi na mawe. Mvua ikinyesha huwa tope linaloshika gurudumu kama gundi. Nchi ya Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, basi tope si jambo la siku chache.

Kwa hiyo anunuaye baiskeli Lubao hanunui kwa ajili ya barabara moja. Karani aendaye kazini Kakamega hutaka baiskeli nyepesi. Mkulima apelekaye maziwa asubuhi na gunia la mahindi jioni hutaka baiskeli yenye nguvu. Tena mara nyingi karani huyo na mkulima huyo ni mtu mmoja, na fedha aliyo nayo ni ya mavuno ya msimu mzima. Akikosea, hataweza kununua nyingine upesi.

Yafaa basi kuchagua kwa kufuata mambo mawili. La kwanza ni kipande kibaya kuliko vyote cha njia yake ya kila siku. Baiskeli ya tope hupita juu ya lami, ingawa polepole. Baiskeli ya lami haipiti katika tope. La pili ni vifaa alivyo navyo fundi wa karibu.

Baiskeli zipatikanazo ni za namna tatu. Ya kwanza ni ile nzito ya chuma, ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba. Asili yake ni baiskeli za Kiingereza kama Raleigh ya Nottingham, na baadaye zililetwa zilizotengenezwa India na China. Ya pili ni ya milimani, yenye giya nyingi na matairi manene yenye meno. Ya tatu ni ya mashindano, yenye matairi membamba, ambayo mara nyingi huja ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Hii ya tatu hupendeza macho ya vijana, lakini ndiyo isiyofaa kabisa kwa njia za Lubao.

Sababu yake ni matairi. Tairi la mashindano lina upana wa milimita 23 hadi 28, na hapana budi lijazwe hewa nyingi sana. Likigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na rimu, ukatoboka. Tairi la Black Mamba lina upana wa karibu milimita 40, na la milimani karibu 50. Hayo hubeba mzigo bila kuzama upesi. Lakini tairi lenye meno makubwa hunguruma juu ya lami na kumchosha mpandaji bure. Lifaalo zaidi kwa mwenye njia mbili ni tairi la milimita 40 hadi 50, lenye mstari laini katikati na meno madogo pembeni.

Upana huo ni jambo la uhai pia. Barabara kuu hupitiwa na malori na matrekta ya miwa yaendayo viwanda vya sukari vya upande wa Malava. Lori likija kwa nyuma, mpanda baiskeli hulazimika kutoka juu ya lami kwa ghafula na kushuka katika changarawe, na pengine ukingo wa lami uko juu kuliko ardhi. Tairi jembamba huteleza au kunaswa penye ukingo huo, naye huanguka karibu na magurudumu ya lori. Tairi nene hushuka salama.

Baada ya matairi zitazamwe breki. Rimu ya chuma kilichong'arishwa ikilowa maji, mipira ya breki huteleza juu yake, na baiskeli yenye mzigo haisimami upesi mteremkoni. Rimu ya alumini hushikwa vema zaidi. Iko pia breki iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambayo mpandaji huifunga kwa kurudisha pedali nyuma. Mvua na tope haviifikii. Breki ya namna hiyo hutumika katika baiskeli nzito za mizigo zinazoitwa Buffalo, za shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005. Hata hivyo breki moja haitoshi. Mnyororo ukikatika, breki ya pedali haifanyi kazi, basi ya mbele nayo iwe nzima.

Juu ya giya, watu wengi hudhani kwamba nyingi ni bora kuliko chache. Giya za nje hurahisisha kupanda kilima, lakini tope na mchanga huziziba, nazo zikipinda huhitaji fundi hodari. Kwa mwenye Black Mamba liko jambo rahisi zaidi, nalo ni kubadili friwili ya nyuma. Penye meno 48 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali huipeleka baiskeli karibu mita 6. Nyuma pakitiwa meno 22, mzunguko huo huipeleka chini kidogo ya mita 5. Mpandaji hupoteza mwendo kidogo kwenye lami, lakini hupanda kilima na gunia lake bila kushuka.

Jambo linalowapoteza wengi ni vipimo vya matairi. Tairi la Black Mamba huandikwa 28, na tairi la baiskeli nyingi za Ulaya pia huitwa 28, lakini moja haliingii katika rimu ya lingine. Hata yale ya inchi 26 yako ya namna zaidi ya moja. Ubavuni mwa tairi husomwa namba ya tarakimu tatu, kwa milimita, inayopima rimu yenyewe: 635 kwa Black Mamba, 622 kwa nyingi za Ulaya, 559 kwa za milimani. Mnunuzi aandike namba hiyo katika karatasi, aende nayo kwa fundi wa sokoni kabla ya kutoa fedha. Fundi akisema hana tairi la namba hiyo wala hajui litapatikana wapi, baiskeli hiyo iachwe, hata kama bei yake ni ndogo. Rahisi ni ghali.

Mwisho, baiskeli ijaribiwe. Kidole kipite kwa nafasi kati ya tairi na madigadi, ili tope lisizibe gurudumu. Keria iwe ya chuma kinene, nayo ifungwe kwa skrubu imara. Gurudumu lizungushwe kuona kama limepinda, na spoku zipigwe kwa kidole kusikia iliyolegea. Kisha mnunuzi aombe ruhusa ya kuipanda na mzigo, kwanza juu ya lami, halafu katika njia ya udongo, na afunge breki zote mbili akiwa mteremkoni. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mnunuzi na aondoke na fedha yake.